Duara Tupu

Hebu mfikirie anavyofika. Ni Jumamosi asubuhi, hewa bado ina ubaridi, geti la shule limefunguliwa upande mmoja tu, naye anapenya kwa ubavu kama mtu anayeingia kwake. Begani ana mkoba wa penseli, zote zimechongwa hadi ukizitazama tu kidole kinawasha. Mkononi ana kipande cha mkate alichokusudia kula njiani akasahau. Kamba ya kiatu chake kimoja imefunguka, inamfuata nyuma kama mkia wa panya.

"Mwalimu, hata Jumamosi?" anauliza mlinzi.

"Kwani njaa inajua Jumamosi, baba?" anajibu, na hasimami.

Njaa anayoisema si ya tumbo. Mfuate hadi darasani utaielewa. Wanafunzi wamebanana watatu watatu kwenye madawati ya watu wawili, wengine bado wana alama za mto shavuni. Anaweka mkoba mezani, anagonga ubao kwa kifundo cha kidole.

"Duara tupu?"

"Ni mdomo wenye njaa!" darasa zima linaitikia.

"Tufanyeje?"

"Tuulishe!"

Hapo usingizi unakimbia, watu wanacheka, na kazi inaanza.

Ndiyo maana walimwita Mwalimu Viduara. Jina hilo hawakumficha, na yeye mwenyewe alilivaa kama kitenge kipya. Katika nchi yake, mwanafunzi wa sekondari hakuweza kuvuka kwenda madarasa ya juu bila kufaulu upimaji mmoja wenye sehemu mbili: kusoma na kuhesabu. Karatasi ilikuwa moja kwa wote, na msahihishaji alikuwa mashine. Kila swali lilikuwa na majibu manne, na kila jibu na kiduara chake. Kazi yako ni kujaza kimoja kwa penseli, kiwe cheusi tii. Mashine haikujua mwandiko wako wala ukoo wako. Ilitafuta weusi tu. Jibu likiwa sahihi unapata alama, likiwa baya hupotezi kitu. Kwa hiyo anayeacha duara tupu, alisema Mwalimu, ni sawa na mtu anayepita kwenye mlango uliofunguliwa akagoma kuingia kwa kuwa hakubisha hodi.

Mbinu zake zilikuwa nyingi, na alizifundisha kwa upendo, tusimnyime haki yake. "Usianze na habari, anza na swali," alikuwa akisema. "Shika neno moja la swali, kisha shuka nalo kwenye habari kama mtu anayetafuta kifungo kilichodondoka. Ukilipata, jibu liko jirani." Au: "Majibu manne, mawili ni ya kuchekesha. Yafukuze. Yaliyobaki ni mawili, na kati ya mawili hata kipofu ana bahati." Na kengele ya mwisho ikikaribia: "Vilivyobaki vyote, shuka na C moja kwa moja, kama ngazi!"

Mbinu hizo zilifanya kazi. Tangu aanze kuzifundisha, matokeo ya shule yalipanda, na Mkuu wa shule, mwanamume mpole mwenye kikohozi kisichoisha, alianza kumwita "nguzo yetu" mbele ya wazazi. Nguzo ikiitwa nguzo, haina budi kusimama wima.

Sasa nyumbani kwake waliishi watatu. Yeye, mama yake mzazi aliyekuwa na ugonjwa wa sukari na kidonda cha mguu kisichotaka kufunga, na binti wa kaka yake, msichana wa kidato hicho hicho cha upimaji. Kaka yake alikuwa dereva wa malori. Alimleta binti akiwa mdogo, akasema, "Dada, huyu msomeshe wewe. Akivuka, ni wako mpaka amalize. Asipovuka nitakuja kumchukua. Kuna duka la vipuri kule ninakolala, wanataka mtu wa kukaa kaunta." Hakulisema kwa ubaya. Alilisema kama mtu anayetaja bei ya mafuta. Lakini binti alilisikia, na tangu siku hiyo harufu ya grisi ilimtia kichefuchefu.

Shuleni binti huyo aliitwa Majibu. Umuulize lolote, atakujibu. Mji mkuu wa nchi fulani? Anao. Mvua itanyesha kesho? Itanyesha, tena mchana. Katika majaribio ya darasani alikuwa wa kwanza karibu kila mara, na shangazi yake alijitahidi asionekane kufurahi, akashindwa.

Swali moja ambalo Mwalimu alipenda kulitumia kama mfano lilikuwa la ndoo. Ndoo ya lita ishirini inajazwa kwa kopo la lita moja na nusu; utachota mara ngapi hadi ijae? Wengi walikwama kwenye kumi na tatu na vipande. Majibu alijaza kumi na nne bila kusita. "Mmeona?" Mwalimu aliwaambia wenzake. "Huyo amefikiri!" Hakumuuliza amefikiri vipi. Ukikuta chakula kimeiva, nani anauliza moto uliwashwa kwa kuni gani?

Basi, Jumamosi hii tunayoizungumzia, siku ya Bibi kusafishwa kidonda iliangukia kwenye mazoezi ya mwisho ya Jumamosi. Shangazi alisema, "Majibu, wewe umeshaiva. Leo usije darasani, mpeleke Bibi zahanati." Kwa kawaida wote watatu walikunywa chai pamoja, kisha Mwalimu akamchoma mama yake sindano ya sukari, na binti akishuhudia. Leo alikuwa na haraka. Alimchoma Bibi mapema, binti akiwa bafuni anaoga, akaondoka na mkate wake mkononi. Hakumwambia mtu. Alidhani ni jambo linalojulikana, kama vile jua limechomoza.

Bibi alikunywa chai yake, tena akaiongezea sukari kwa siri kama ilivyokuwa desturi yake, wakaenda. Zahanati ilikuwa imefurika. Foleni ilianzia kwenye mizani ikaishia nje kwenye bomba la maji. Bibi alipata kiti pembeni ya ukuta, akasinzia, kitambaa cha kichwa kikimfunika jicho moja. Muuguzi alikuja na kipimo, akamtoboa kidole, naye Bibi akaguna tu na kuendelea kulala. Namba iliyotokea ilikuwa juu.

"Binti, ni bibi yako? Ameshachoma sindano ya asubuhi?" muuguzi aliuliza, macho yake yakiwa tayari kwa mgonjwa anayefuata.

Simama hapo kidogo. Majibu hakujua. Alikuwa bafuni. Lakini swali lilikuwa limeulizwa, na lilikuwa na viduara viwili tu, ndiyo na bado. Alifanya kama alivyofunzwa. Namba iko juu, akawaza. Angekuwa amechoma isingekuwa juu. Akafukuza moja, akajaza lililobaki.

"Bado," alisema, kwa uso ule ule aliojazia kumi na nne ya ndoo.

Muuguzi akamchoma Bibi sindano ya pili.

Darasani Mwalimu alikuwa katikati ya ngazi ya C pale mwalimu wa hesabu alipochungulia mlangoni. Huyu wanafunzi walimwita Kipeuo, kwa kuwa alikuwa mrefu, mwembamba, amejikunja juu kama alama yenyewe ya kipeuo. Siku zote aliingia na mzaha. Safari hii hakuwa nao.

"Dada, simu yako imelia hadi imechoka. Nimeipokea. Nenda zahanati."

"Kuna nini?"

"Nenda. Nitakaa nao."

Alimkuta mama yake amelazwa kwenye kitanda chembamba nyuma ya pazia, dripu mkononi, jasho limelowesha blauzi kana kwamba kamwagiwa maji. Midomo ilikuwa ikitembea bila maneno. Macho yalimtazama yakampita, yakaenda ukutani. Majibu alisimama kwenye pembe, ameshika kiatu kimoja cha Bibi kwa mikono miwili.

"Tumemuwahi," alisema daktari. "Sukari ilishuka mno. Tungechelewa kidogo tungekuwa tunazungumza mengine."

Muuguzi hakumtazama Mwalimu usoni. "Nilimuuliza mjukuu. Nilipaswa kumwamsha mgonjwa mwenyewe, najua. Lakini alinijibu bila kupepesa jicho. Ningejuaje?"

Mwalimu alimgeukia binti. Sauti yake ilitoka ya chini, na hiyo ilikuwa mbaya kuliko kelele.

"Ulijua?"

"Hapana, shangazi."

"Sasa kwa nini hukusema hujui? Neno moja tu! Sijui! Linauma?"

Binti alikibana kiatu kifuani. "Umesema tusiache duara tupu."

Daktari alidhani mtoto anaweweseka kwa hofu, akamletea kiti. Aliyekaa ni shangazi.

Mchana Bibi alirudiwa na maneno yake, na la kwanza lilikuwa kejeli. "Miaka yote mnaninyima sukari. Leo ndiyo mmeona imenipungukia?" Kila mtu alicheka, hata muuguzi, kicheko cha watu waliotoka kwenye ajali. Majibu hakucheka. Na mkono wa kulia wa Bibi, aliponyoosha kupokea kikombe, ulitetemeka kwa namna ambayo haukuwa ukitetemeka kabla.

Waliporudi nyumbani Mwalimu alimwita binti jikoni. Alijaza maji kwenye sufuria, akaweka kikombe pembeni.

"Lile swali la ndoo. Kumi na nne ulilipataje?"

Majibu alitazama sakafu. "Niligawanya, ikatoka kumi na tatu na vipande. Kumi na tatu na vipande haikuwepo kwenye majibu. Kulikuwa na kumi na mbili, na kumi na nne, na nyingine za mbali. Nikachukua ya jirani."

"Na kwa nini si kumi na tatu tu? Maji yangefika wapi?"

"Sijui, shangazi."

Ilikuwa mara ya kwanza Mwalimu kumsikia akilitamka neno hilo. Lilimtoka kama jino.

Jumatatu Mwalimu aliingia darasani na karatasi za zoezi. Hakugonga ubao. Wanafunzi walisubiri wimbo wao, haukuja.

"Leo," alisema, "ukijua, jaza. Usipojua, acha."

Mmoja wa nyuma akainua mkono. "Mwalimu, huu ni mtego?"

"Si mtego."

"Tuache duara tupu? Kabisa kabisa?"

"Kabisa."

"Haya, nani amemwiba Mwalimu wetu akatuletea huyu?" alinong'ona mwingine, darasa likaangua kicheko. Walipoona hacheki, wakainama wakaanza.

Alikusanya karatasi akaenda nazo chumba cha walimu, akazitandaza mezani kati ya vikombe vya chai. Alikuwa na mazoea ya kuziona zikiwa na madoa meusi toka juu hadi chini. Hizi zilikuwa nyeupe. Sehemu ya kusoma, hasa, ilikuwa kama uwanja ulioliwa na mbuzi: jani hapa, jani kule. Watoto aliowahesabu kuwa wameiva walikuwa hawajui habari ile ilimhusu nani. Karatasi ya Majibu ilikuwa miongoni mwa nyeupe zaidi.

Kipeuo alisimama nyuma yake, akazitazama moja moja. "Hawa ndio wale wale wa juzi?"

"Ndio wale wale."

"Basi juzi tulikuwa tunapima nini?"

Mwalimu aliikumbuka siku Mkuu alipomuuliza, mbele ya kamati ya wazazi, ni wangapi wako tayari. Alijibu hapo hapo, "Wote, ukiondoa wawili watatu." Hakuwa amehesabu. Swali lilikuwa limeulizwa tu, na wazazi walikuwa wakimtazama.

Alizibeba karatasi hadi kwa Mkuu. Alimweleza yote, hata la zahanati. Mkuu alikohoa, akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya tai.

"Mama anaendeleaje?"

"Anaendelea. Mkono bado."

"Pole sana. Pole kweli." Akaivaa miwani. "Sasa nisikilize, mwalimu wangu. Uliloniambia ni kweli, na limenichoma. Lakini mtihani ni wiki hii. Huwezi kumfundisha mtoto kusoma kwa siku zilizobaki. Unachoweza ni kumwondolea alama ambazo angezipata. Shule nyingine zote watajaza. Wako wataacha, kwa unyofu. Mashine haitoi alama ya unyofu."

"Najua."

"Wakianguka, nani atawafundisha hiyo kusoma unayoitaka? Watakuwa sokoni. Wavuke kwanza, huko juu wataelewa taratibu."

"Huko juu nani ana muda, Mkuu? Huko wanadhani sisi tumeshamaliza."

Kwa heshima yake, Mkuu hakubuni jibu. Alisema tu, "Nenda ukawaambie wajaze."

Nje Kipeuo alikuwa akimsubiri. "Mkuu kasemaje?"

"Wajaze."

"Mgeni akishafika mlangoni, hata uani hufagii tena," alisema Kipeuo polepole. "Ila ukweli ni kwamba hatukufagia tangu mwanzo."

Aliwaambia wajaze. Aliwaambia akiwa amewapa mgongo, anafuta ubao uliokuwa safi. Darasa lilishangilia, na mmoja akaanzisha wimbo mwenyewe, "Duara tupu?" wakaitikia kwa nguvu hadi madirisha yakalia. Mmoja tu hakuitikia.

Maana Majibu alikuwa amebadilika. Tangu zahanati, neno lile lililomtoka kama jino lilikuwa limeacha pengo, na kila kitu kilipitia hapo. Bibi akiuliza, "Mjukuu wangu, chumvi iko wapi?" anajibu, "Sijui, Bibi," na kopo la chumvi liko mbele ya mkono wake. "Leo ni siku gani?" "Sijui." Bibi alijaribu kumchokoza: "Na jina lako je, unalo au nalo limeshuka kama sukari yangu?" Binti alitabasamu kidogo, akaenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa vimeshaoshwa. Kipeuo alimpa hesabu ya kujumlisha ambayo mdogo wa darasa la tatu angeimaliza. Aliitazama, jibu likaonekana likipita machoni mwake, akasema hana uhakika, akaacha.

Kaka yake Mwalimu alipiga simu kutoka njiani, injini ikinguruma. "Dada, binti yupo sawa? Nimepanga kupita huko matokeo yakitoka. Nije na mzigo wangu tu, au nije na nafasi ya mtu?"

Mwalimu kwa mara ya kwanza alimwambia kaka yake, "Sijui."

"Haya," kaka yake alisema, kama mtu aliyeambiwa barabara imefungwa. "Tutaonana basi."

Siku moja kabla ya mtihani, jua lilikuwa bado halijazama. Mwalimu alikaa kwenye kibaraza akichonga penseli, maganda yakidondokea kwenye sinia mapajani. Ndani, kupitia mlango uliokuwa wazi, Bibi alikuwa amejilaza, mkono wake wa kulia ameulalia ili usionekane. Majibu alikuwa akipiga pasi sketi ya shule juu ya meza, akirudia mkunjo ule ule. Kisha akaizima pasi, akaja akasimama mbele ya shangazi yake.

"Shangazi."

"Naam, mama."

"Nikuulize kitu, usikasirike?"

"Uliza."

"Kesho. Nikifika kwenye swali nisilolijua..." Alivuta pumzi. "Nijaze, au niache?"

Kichongeo kilisimama mkononi mwa Mwalimu. Wimbo ulimjia ulimini, tayari, wote, na majibu yake. Alihitaji kufungua mdomo tu, na binti angevuka pengine, na lori lingeondoka na kiti kitupu. Akalitazama jicho la mtoto, akaona si swali la mtihani peke yake linaloulizwa. Ndani kitanda kililia: Bibi alikuwa amegeukia upande wa mlango, naye anasikiliza. Binti alisubiri, mikono nyuma, kama mtu ambaye safari hii atashika kila neno atakaloambiwa na kwenda nalo popote, kwenye karatasi, kaunta ya duka, pembeni ya kitanda cha mgonjwa.

Nawe uliyefuatana naye tangu getini, lau ungekuwa umekaa pale kibarazani, na penseli ile mkononi, ungemjibu nini?